Usiandike "imechorwa kwa mkono" kabla hujageuza sahani

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye daladala ihifadhi hii posti uisome ukifika nyumbani.

Leo tunaongelea sahani za zamani za Kijapani, zile za kauri zilizochorwa kwa mkono. Hata kama wewe huuzi sahani, soma tu. Ndani yake kuna habari ya neno moja dogo kwenye tangazo na jinsi lilivyonitoa laki moja kasoro buku.

Mimi nauza vyombo vya mtumba mtandaoni, na nina fremu ndogo ya kuwekea mzigo. Nimeishia kidato cha nne. Sijasomea biashara wala sanaa. Haya nitakayosema nimeyapata kwa kusoma usiku kwa bando langu, kwa kushika sahani nyingi, na kwa kulipa ada ya hasara.

ILIVYOKUWA

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye hii kazi. Kwenye mzigo wa vyombo uliotoka Uingereza nikapata sahani moja nzuri sana, ina ndege wawili na maua makubwa mekundu, ukingo wa dhahabu, nyuma imeandikwa "Made in Japan". Niliinunua 12,000. Nikapiga picha, nikaandika: "Sahani ya kale ya Kijapani, imechorwa kwa mkono." Nani aliniambia imechorwa kwa mkono? Hakuna. Niliona ni nzuri, nikaandika.

Siku mbili baadaye akanitafuta mama mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu. Baba yake alikuwa baharia, na miaka mingi iliyopita alimletea mkewe sahani za Kijapani zenye ndege na maua kama yale. Zimebaki tano. Yeye anatafuta ya sita ili seti ya marehemu mama yake ikamilike. Akanitumia 85,000 ya sahani na 7,000 ya nauli ya basi. Hakuomba hata kupunguziwa.

Mzigo ulipofika hakunipigia kelele. Alinitumia picha mbili tu, kaweka sahani yangu kando ya moja ya za mama yake, kazipiga kwa karibu. Chini akaandika: "Mwanangu, angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Ya mama yake unaona kabisa brashi ilipopita, unyoya mmoja mnene, mwingine mwembamba, wino mzito mwanzo wa mstari na mwepesi mwisho. Ya kwangu ilikuwa vidoti vidogo vidogo, kama picha ya gazeti. Ilikuwa stika.

Nikampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia narudisha hela yote. Akaniuliza swali moja: "Ulijua au hukujua?" Nikasema sikujua. Akasema, "Sasa kama hukujua, kwa nini uliandika?"

Sikuwa na jibu. Mtaji wangu wote wakati ule ulikuwa 240,000, na ile hela yake nilikuwa nimeshaingiza kwenye mzigo mwingine. Nikakopa kwa dada yangu. Nikarudisha 92,000, na nauli ya sahani kurudi 7,000 nikalipa mimi. Jumla 99,000 jioni moja.

Tangu siku ile nilianza kujifunza. Twende sasa.

SOMO LA 1: JUA SAHANI INATOKA WAPI

Mtaani tunaita zote "vyombo vya udongo", na si kosa. Ila kauri ni udongo wa aina yake, mweupe, unachomwa kwa moto mkali sana, karibu nyuzi 1,300. Ukiinyanyua sahani nyembamba ya kauri mbele ya taa, mara nyingi utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Udongo wa kawaida hauonyeshi.

Kauri ya Japani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwenye mji wa Arita, kisiwa cha Kyushu. Masimulizi yao yanamtaja mfinyanzi kutoka Korea aitwaye Yi Sam-pyeong kuwa ndiye aliyepata udongo mweupe pale, mwaka 1616. Bidhaa zilisafirishwa kupitia bandari ya karibu iitwayo Imari, ndiyo maana mpaka leo watu wanaziita sahani za Imari wakati zilitengenezwa Arita. Ni kama mzigo wa mkoani ukapewa jina la bandari ulikopakiwa. Kuanzia miaka ya 1650 Waholanzi walizinunua kwa wingi kupeleka Ulaya. Imari wanayoijua wengi ina rangi tatu: bluu iliyoiva, nyekundu ya kutu na dhahabu.

Aina ya pili ya kuijua ni Kutani, kutoka upande ambao leo ni mkoa wa Ishikawa. Hizi zinajulikana kwa rangi tano: kijani, njano, zambarau, bluu nzito na nyekundu. Maua, ndege, watu, milima, vyote vimejaa uso mzima wa sahani.

Ya tatu ni za kiwanda zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Jina kubwa hapa ni Noritake. Ndugu wa familia ya Morimura walianza biashara ya kuuza bidhaa za Japani Marekani mwaka 1876, na mwaka 1904 wakaanzisha kampuni ya kauri karibu na Nagoya, kwenye kijiji kilichoitwa Noritake. Mwaka 1914 wakakamilisha seti yao ya kwanza ya vyombo vya chakula vya Kizungu. Kwenye mitumba ya Uingereza, Kanada na Marekani, hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Na sisi watu wa pwani tusijione wageni kwenye haya mambo. Nenda Kunduchi hapa Dar, kwenye makaburi ya zamani, utaona nguzo zilizopachikwa sahani za kauri. Hizo zilitoka China. Na nyumba za kale za Lamu zina vidaka ukutani vya kupangia vyombo kama hivyo. Kupamba kwa sahani ni desturi ya pwani kwa miaka mingi. Kwa hiyo mteja wa pwani anayekuuliza sahani ya ukutani, usimshangae. Huenda bibi yake alikuwa nazo.

SOMO LA 2: USO UNAKUVUTIA, MGONGO UNAKUPA HABARI

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda uso. Sahani ya zamani unaigeuza kwanza. Kwenye mgongo angalia muhuri.

Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria kwamba bidhaa kutoka nje ziandikwe zimetoka nchi gani, na ikaanza kutumika 1891. Wajapani wakawa wanaandika "Nippon", yaani Japani kwa lugha yao. Mwaka 1921 Wamarekani wakasema hilo ni neno la Kijapani, andikeni "Japan". Kwa hiyo:

– Ukiona "Nippon" kwa herufi za Kizungu kama jina la nchi, na muhuri ni wa kweli, sahani mara nyingi ni ya kati ya 1891 na 1921.

– Ukiona "Japan" au "Made in Japan", mara nyingi ni baada ya 1921. Lakini angalia hapa: maneno hayo yametumika kabla ya vita kuu ya pili na yakaendelea baada ya vita. Peke yake hayakuambii umri. Sahani yangu ya 85,000 ilikuwa na maneno hayohayo.

– Ukiona "Made in Occupied Japan", hiyo ni ya baada ya vita, wakati Japani ikiwa chini ya majeshi ya washindi. Kipindi hicho kiliisha 1952. Kuna watu wanakusanya hizi tu, maana miaka yake ni michache.

– Ukiona herufi za Kijapani tupu, mara nyingi zimeandikwa kwa brashi nyekundu, inaweza kuwa Kutani. Jina hilo ni herufi mbili. Tafuta picha yake mtandaoni, uihifadhi kwenye simu, uwe unalinganisha. Programu ya kutafsiri inayosoma picha nayo inasaidia, ila mwandiko wa brashi mara nyingine inashindwa kuusoma.

– Ukikuta hakuna muhuri kabisa, usiitupe na usiipambe. Inaweza kuwa ya kabla ya 1891, inaweza kuwa ilitengenezwa kwa matumizi ya Japani kwenyewe, au ilikuwa na lebo ya karatasi ikabanduka.

Tahadhari: muhuri nao unaghushiwa. Muhuri maarufu wa zamani wa Noritake una herufi M, ya Morimura, ndani ya duara la majani. Kuna feki zilizotoka na duara hilo limegeuzwa chini juu, na katikati badala ya M kuna umbo kama chupa ya mchanga ya kupimia saa. Na juu yake wameandika "Hand Painted Nippon" bila aibu. Kwa hiyo muhuri ni shahidi wa kwanza. Usihukumu kwa shahidi mmoja.

SOMO LA 3: MKONO AU STIKA?

Hapa ndipo hela ilipo. Nenda kwa fundi saa, muulize kile kioo chake kidogo cha kuweka jichoni anakinunua wapi. Bei yake haikutishi. Kama huna, kamera ya simu inayoweza kupiga kitu kwa karibu sana inatosha kuanzia. Tafuta mambo haya manne.

Moja, vidoti. Ukikuza ukaona rangi imejengwa kwa vidoti vilivyopangwa vizuri kama picha ya gazeti, hiyo ni chapa. Mchoro ulichapwa kwenye karatasi kama stika, ukabandikwa, ukachomwa kwenye tanuru.

Mbili, mapacha. Ukiwa na sahani mbili za seti moja, chagua ua moja ulilinganishe kwenye zote mbili. Mkono wa binadamu haurudii kitu sawasawa. Kama jani limejikunja kwenye milimita ileile kwenye zote, hakuna mkono hapo.

Tatu, njia ya brashi. Mstari wa brashi una mwanzo na mwisho. Pale brashi ilipotua rangi ni nyingi, pale ilipoinuka ni kidogo. Kwenye majani mapana utaona michirizi ya nywele za brashi.

Nne, kidole. Pitisha kidole taratibu juu ya mchoro. Rangi zilizowekwa juu ya utando wa kioo mara nyingi zina kamwinuko. Ila bluu ya Imari huwezi kuihisi, kwa sababu inapakwa kwanza, kisha utando wa kioo unamwagwa juu yake, halafu ndiyo inachomwa. Nyekundu na dhahabu zinakuja baadaye, kwa moto mdogo zaidi. Ndiyo maana ukikuta sahani ya zamani, bluu iko safi kabisa lakini dhahabu imefutika. Si ajabu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa kuna kitu kinachowachanganya wengi: NUSU KWA NUSU. Sahani nyingi za kuuzwa nje, hasa zile zenye picha za wanawake waliovaa kimono, zilichapwa mistari tu, kisha wafanyakazi wakajaza rangi kwa mkono ndani ya mistari. Ukikuza utaona mstari wa nje umelingana kila mahali, lakini rangi imetoka nje ya mstari hapa na pale. Nyingine mchoro wote ni stika, mkono umepita kwenye ukingo wa dhahabu tu. Hizi usiziite za mkono moja kwa moja. Andika: "mistari imechapwa, rangi zimejazwa kwa mkono." Mteja anayejua atakuheshimu, na asiyejua atajifunza.

Na usidharau chapa. Wajapani wenyewe kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1800 walitengeneza sahani nyingi za bluu na nyeupe kwa kuchapa, na leo zina watu wake wanaozitafuta. Stika haina ubaya wowote kama umeiita stika.

Ushauri wangu: tafuta "sahani ya darasa". Nunua moja iliyochorwa kwa mkono, hata kama ina ufa, maana hiyo utaipata kwa bei ya kutupa. Nunua na moja ya chapa. Ziweke mezani, uziangalie kila siku kwa wiki moja kwa kile kioo. Jicho linazoea. Mimi zangu hazijawahi kuuzwa, na zimenirudishia gharama mara nyingi.

SOMO LA 4: TAFUTA UGONJWA KABLA MTEJA HAJAUTAFUTA

Sahani ya miaka themanini ina historia. Kazi yako ni kuisoma.

Isimamishe kwenye ncha za vidole, gonga ukingo taratibu kwa ukucha. Nzima inalia "ting" na sauti inabaki hewani. Yenye ufa inajibu "tok", imekufa. Huo ufa unaweza usiuone kwa macho, ni mwembamba kama unywele.

Zungusha kidole ukingoni kutafuta pengo. Dogo sana macho yanaliruka, kidole hakiliruki.

Ile taa ya kukagulia noti bandia, kama unayo dukani, ina kazi nyingine. Zima taa za chumba, imulike sahani. Mara nyingi gundi na rangi iliyopakwa kuficha pengo inang'aa tofauti na kauri yenyewe. Mimi nilishtuka mara ya kwanza. Sahani niliyoiona nzima ilikuwa imeungwa robo nzima.

Usichanganye ufa na vidoti vitatu au vinne vidogo chini ya sahani kubwa za Imari. Hizo ni alama za vijiti vya udongo vilivyoishikilia ndani ya tanuru. Si kasoro, ni kitambulisho.

Kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, taulo ndani ya beseni ili isigonge. Steelwaya na jiki weka mbali kabisa. Dhahabu ikitoka haitarudi.

Na hili la afya msilipite. Rangi za zamani, hasa zile za juu ya utando, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mimi nauza sahani hizi kama mapambo na nasema hivyo wazi. Si za kuwekea achari ya ndimu wala mchuzi wa nyanya. Na yenye dhahabu isiingie kwenye maikrowevu, itapiga cheche.

SOMO LA 5: TANGAZO

Mteja wa mtandaoni hana mikono. Wewe ndiye mikono yake. Anachonunua ni maneno yako na picha zako, sahani yenyewe ataiona hela ikiwa imeshatoka.

Tangazo langu la zamani: "Sahani ya kale ya Kijapani, imechorwa kwa mkono, kali sana, wahi!"

Tangazo langu la sasa: "Sahani ya kauri, upana sentimita 24. Muhuri: Made in Japan (angalia picha ya 2). Maua yamechapwa, ukingo wa dhahabu umepakwa kwa mkono. Dhahabu imefutika kidogo upande wa kushoto (picha ya 4). Haina ufa, nimeigonga. Ni ya mapambo. Sijui mwaka wake kamili."

Ona sentensi ya mwisho. Nilidhani itafukuza wateja. Kumbe watu wanaokusanya sahani ndio wanaipenda zaidi, kwa sababu wanajua nikisema "najua" huwa najua kweli.

Picha ziwe tano: uso mzima, mgongo mzima, muhuri kwa karibu, kasoro kwa karibu, na mchoro umekuzwa mpaka brashi au vidoti vionekane. Piga mchana karibu na dirisha, bila flashi. Flashi inang'aa kwenye kioo na kuficha ufa, na mteja atadhani ulikusudia.

SOMO LA 6: BEI NA KUFUNGASHA

Hesabu yangu kwa sahani moja: kununua 15,000, sehemu ya nauli ya sokoni 1,000, vifungashio 2,500, bando 500, na 1,500 natenga kwa ajili ya zitakazovunjika. Jumla 20,500. Wengi wanaishia kwenye 15,000, wakiuza 20,000 wanashangilia faida ya 5,000, kumbe wamekula hasara ya 500.

Kufunga: kila sahani peke yake kwenye nailoni ya mapovu, kisha zisimamishe wima ndani ya boksi kama vitabu. Usizilaze. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote kila basi linaporuka tuta. Boksi dogo ndani ya boksi kubwa, katikati jaza magazeti yaliyofinyangwa. Litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Piga video ukiwa unafunga, itakuokoa siku ya mabishano.

SOMO LA 7: MJUE ANAYEKUSANYA

Anayekusanya sahani hafanani na anayenunua vyombo vya nyumbani. Wa nyumbani anataka sita zinazofanana. Anayekusanya anataka moja aliyoikosa. Kuna anayetaka ndege tu, kuna anayetaka bluu na nyeupe tu, kuna anayetaka muhuri wa Nippon tu. Muulize anakusanya nini, andika kwenye daftari na namba yake. Ukipata mzigo unamtumia yeye kwanza. Nusu ya sahani zangu sasa hazifiki hata kwenye ukurasa.

Na hapa ndipo ninarudi kwa yule mama wa Tanga.

Baada ya kumrudishia hela niliendelea kumtafutia, maana nilijiona nina deni. Nikawa nasoma habari za Kutani kila nikipata nafasi, kwa sababu mgongoni mwa sahani zake kulikuwa na zile herufi mbili nyekundu. Usiku mmoja nikakuta kitu ambacho nilikisoma mara tatu. Wajapani kwa matumizi yao wenyewe huuza seti za vyombo vitano. Si vinne wala sita. Nne wanaikwepa, kwa sababu neno lao moja la nne linatamkwa kama neno la kifo. Seti za sita na dazeni zilikuwa za wageni.

Sahani zake zina herufi za Kijapani tupu. Hakuna neno hata moja la Kizungu.

Nikampigia asubuhi. "Shikamoo mama. Nani alikwambia zilikuwa sita?" Akanyamaza. Akasema nyumbani siku zote walijua ni nusu dazeni, kama za dukani, na kwamba moja alivunja mdogo wake wa kike walipokuwa watoto. Nikauliza, "Vigae vyake uliviona?" Akasema hakuna aliyewahi kuviona. Mdogo wake alichapwa, akalia akisema hajui, na hakuna aliyemwamini. Mpaka leo ni mtu mzima ana wajukuu, na kwenye sherehe bado wanamtania: mvunja sahani.

Nikamweleza habari ya seti za tano. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, ngoja nimpigie mdogo wangu kwanza."

Sikuuza kitu siku hiyo. Sahani ya sita haikuwahi kuwepo, na mimi nilikuwa nimemuuzia kwa 85,000. Lakini tangu hapo mama yule amenitumia wateja watatu, na kila mmoja anaanza hivi: "Nimeambiwa wewe ukisema kitu umekiangalia."

KAZI YA NYUMBANI

Fungua ukurasa wako sasa hivi. Tafuta matangazo yako matano ya mwisho. Kwenye kila moja pigia mstari neno linaloahidi kitu: "original", "ngozi", "ya mkono", "ya kale", "haipauki". Kisha jiulize swali aliloniuliza mama: ulijua au hukujua? Kama hukujua, lifute leo, au kalijue.

Mwenye sahani anataka tuisome pamoja, atume picha ya uso na ya mgongo. Ya uso peke yake sitajibu. Kazi njema.